Nani Apewe Shamba la Ndivani

Sogeeni karibu, na kila mmoja aje na akili yake ya kuhukumu, kwa maana mimi nina habari tu, hukumu sina. Nawapa habari hii kama nilivyoipokea kwa wenyewe. Pale ambapo wawili walinisimulia tofauti, nitasema.

Mzee Sekiete wa Mamba, huko milima ya Upare, alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Nakijwa, alikuwa mtu wa neno. Akikwambia kesho nitakuja, weka chai jikoni. Wanawake wa kijiji walipoazimana mbegu za tangawizi hawakutafuta shahidi. Mmoja akisema "Nakijwa alikuwepo," maneno yaliishia hapo.

Wa pili, Kajiru, alikuwa mtu wa kudai. Mnajua tunavyotaniwa sisi Wapare, kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wengine utani huo unawaudhi, lakini Kajiru aliupokea kama sifa. Aliwahi kurudi dukani na kiberiti, akamwaga njiti juu ya meza, akamwambia mwenye duka, "Hesabu mwenyewe, halafu uniambie kama kiwanda kimekuibia wewe au wewe umeniibia mimi."

Wa tatu, Naeli, alikuwa mtu wa siri. Ukimwambia jambo, limetumbukia kisimani. Wasichana wenzake walimweleza habari za wachumba wao, na wajane walimpa fedha awatunzie ili wana wao wasizione. Kwa kipaji hicho alipata kazi ya keshia katika kampuni moja ya mikopo mjini Same, na mshahara wake ulimnunulia mama yao dawa ya macho.

Sasa shamba. Ndiva ni bwawa walilochimba wazee kukusanya maji ya kijito, yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mzee Sekiete alikuwa na mashamba mengine, ya mawe na ya mteremko, na hayo aliwagawia watoto mapema. Shamba la ndivani, lile la kwanza kabisa chini ya bwawa, hakumgawia mtu. Lina zamu yake moja ya maji, na kwa desturi yetu shamba lenye zamu halikatwi. Anayelikata amelikausha.

Macho ya mama yalipoingia ukungu, Mzee Sekiete alikwenda kukopa kwenye kampuni ile ile aliyofanya kazi binti yake. Aliweka hati ya shamba la ndivani kuwa dhamana. Mama akafanyiwa upasuaji, akaona. Kisha mzee mwenyewe akaugua. Alipojua kwamba haponi, aliwaita watoto wote watatu na mama yao kando ya kitanda.

"Mimi nakufa nadaiwa," alisema. "Sijawahi kulala na jembe la mtu bila ruhusa, na sasa naenda kulala kaburini na fedha za watu. Shamba la ndivani sikumpa mtu. Atakayeliondoa jina langu kwenye deni, huyo ndiye mwenye shamba."

Haya ni maneno yake. Wote wanne wameyarudia kwangu bila kutofautiana hata neno moja.

Akafa. Siku ya mazishi kwaya iliimba, udongo ukarudishwa, mashada yakawekwa. Mnajua kwamba hapo mtu wa familia husimama akasema yale maneno ya deni. Kwa kawaida huwa ni mwanamume, lakini baba mdogo Zefania, msimamizi wa maji ya ndiva, alimsukuma Nakijwa kwa kiwiko. "Sema wewe. Wewe ukisema watu wataamini."

Nakijwa akasimama. "Kama baba yetu alikuwa anadaiwa, asisumbuliwe huko aliko. Mwenye kudai aje kwetu. Deni lake ni letu."

Maneno haya husemwa kila msiba, na kwa kawaida hayajibiwi. Kama yakijibiwa, ni mzee fulani atakayesema alimwazima marehemu panga, watu wacheke kidogo katikati ya machozi, yaishe. Siku ile ilijibu sauti ya mtu aliyevaa tai.

"Mimi ni afisa mikopo. Tunamdai marehemu. Nilikuwa naomba kujua, huko 'kwetu' ni kwa nani?"

Mwalimu wa kwaya alikuwa amenyanyua mkono kuanzisha wimbo. Mkono ukabaki juu.  Baba mdogo Zefania alisema kwa sauti ya chini, "Kijana, udongo haujakaa bado."

"Poleni sana, mzee. Lakini tangazo mmelitoa nyinyi."

Nakijwa alimtazama yule mtu, kisha akalitazama kaburi. "Kwetu ni mimi," alisema.

Afisa yule alikuja matangani akiwa na simu na kimashine cha kuchukulia alama za vidole. Alikula wali, akanawa, ndipo akamwita Nakijwa pembeni. Alimweleza hivi: mkopaji amekufa, hakuna mlipaji, na kampuni italazimika kuuza shamba. Lakini akipatikana mtu wa kulibeba deni, shamba litatulia.

"Ni taratibu tu, mama. Namba ya kitambulisho, na kidole hapa."

"Mimi nimeshasema kaburini," Nakijwa alijibu. "Kidole cha nini tena?"

"Mashine haikuwepo kaburini."

Akaweka kidole. Mtu wa matanga hakatai jambo. Hata chakula anakula akipewa. Naeli alikuwa mlangoni na birika la chai. Alimwona mfanyakazi mwenzake akimshika dada yake kidole. Akainamisha kichwa, akaendelea kumimina.

Basi Nakijwa akalipa. Kila alipochimba tangawizi alipeleka rejesho mjini, na aliyepokea dirishani alikuwa Naeli. Watu waliokuwa kwenye foleni wanasema ndugu hao wawili walisalimiana kama wageni. Kisha bei ya tangawizi ikaanguka. Nakijwa aling'oa tangawizi changa, ile ambayo maganda yake hayajakomaa, na wanunuzi wakaipokea kwa kejeli. "Mama, hii ungeiacha iende shule kwanza," mmoja alimwambia. Rejesho moja likapita bila kulipwa, na lingine. Faini zikaota juu ya deni kama uyoga juu ya gogo. Lakini shamba la ndivani halikuguswa.

Mpaka hapo, wasikilizaji, shamba lilisimama kwa jina la Nakijwa peke yake. Likumbukeni hilo.

Kajiru hakujua lolote kuhusu kidole. Yeye alijua dada yake analipa deni la baba, kama alivyoahidi, na alimwacha alipe. Mwaka huo alitaka kununua mashine ya kusaga, akaenda benki mjini Same kuomba mkopo. Waliomba mdhamini. Angemchukua nani, kama si mtu wa neno? Wakaenda wote wawili, Nakijwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

Karani alikuwa mama wa Kichaga, mchangamfu. Alipoona wametoka Mamba akaanza utani. "Wapare hawa. Nikiwakopesha, tukikosana mtanipeleka mahakamani kwa ajili ya kalamu."

"Kalamu yako ikiwa na wino, hatuna kesi," Kajiru akajibu.

Mama yule akacheka, akaandika namba ya Nakijwa kwenye kompyuta. Kicheko kikakatika. Alisoma, akarudia kusoma, akageuza kioo kidogo upande wake.

"Kaka, mdhamini wako mwenyewe anahitaji mdhamini," alisema taratibu.

"Una maana gani?"

"Dada ni mdaiwa sugu. Ameandikwa hivyo kwenye taarifa za wakopaji. Sisi hapa, na benki nyingine yoyote atakayokwenda, tunaona hivi hivi."

Nakijwa alisema, "Mama, mimi sijawahi kukopa. Si benki, si kwa jirani. Ninalipa deni la baba yangu."

"Hapa halikuandikwa la baba yako. Umeandikwa wewe, umekopa wewe, ukapokea wewe." Akaitaja tarehe.

Ilikuwa tarehe ya matanga.

  Kajiru anasema dada yake alilia. Nakijwa anasema hakulia. Nimeyaacha yote mawili. Wanalokubaliana ni kwamba aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo watu wote wenye kompyuta wanajua mimi ni mwongo?"

Karani alisukuma mlango kwa mguu ukafungika, akasema kwa sauti ya chini. "Nisikilizeni. Taarifa hizi zinatunzwa na kampuni yenye leseni ya kazi hiyo. Sheria inampa mwenye jina haki ya kuomba taarifa yake aione. Akiona si ya kweli, anaipinga kwa maandishi, na wao wanalazimika kumuuliza aliyeipeleka."

"Na huyo aliyeipeleka," Kajiru aliuliza, "naye ana bosi?"

"Wakopeshaji wa aina hiyo wanapewa leseni na Benki Kuu. Wanasimamiwa. Kuna dawati la malalamiko."

Nakijwa anasema alimwona mdogo wake akinyooka mgongo kama mtu aliyeitwa jina lake mkutanoni. "Basi," alisema Kajiru, "kuku wangu yuko huko."

Kajiru aliuza ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe hasa, wa maziwa. Mkewe alimsimamisha uani.

"Ng'ombe anatoa maziwa, baba watoto. Kesi inatoa nini?"

"Inatoa jina."

"Sawa. Kesho watoto wanywe chai ya jina."

Aliondoka na aibu hiyo, akaenda Dar es Salaam. Alisimama kwenye madirisha, akaelekezwa madirisha mengine. Aliambiwa taarifa ni ya dada yake, hivyo mwenye jina aje mwenyewe. Akarudi Mamba, akamchukua Nakijwa, wakaenda wote. Waliipata taarifa, wakaipinga. Alipoambiwa asubiri jibu nyumbani, alisema kwake ni mbali, atasubiri hapo hapo kwenye benchi. Mlinzi alimzoea akawa anamwita "mjumbe wa bodi."

Jibu la kampuni ya mikopo lilipokuja, waliosoma walidhani wamekosea kusoma. Kampuni haikukana kitu. Ilisema Nakijwa alilipokea deni kwa hiari yake, mbele ya umma, makaburini, na mashahidi ni waombolezaji wote.

Kajiru alikaa na maneno hayo siku nzima bila kula. Sisi huku hatujawahi kufikiri kwamba maneno ya kumuaga marehemu ni mali ya kuokotwa. Alipopata nguvu alikwenda kwenye lile dawati la malalamiko, na pande zote mbili zikaitwa kwenye kikao cha usuluhishi.

Kikao kilikuwa cha asubuhi, mjini Same, katika chumba cha ghorofani chenye meza ndefu. Upande mmoja alikaa meneja wa kampuni na afisa wake wa tai. Upande wa pili Nakijwa na Kajiru. Kichwani alikaa mama mmoja wa Benki Kuu, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza meneja mpaka mwisho, ndipo akazungumza.

"Maneno ya kaburini ni heshima, si mkataba wa mkopo. Deni la marehemu hulipwa kwa mali aliyoiacha. Mtoto wake, kama hakuwa mdhamini, hageuzwi kuwa mkopaji kwa kuwekwa kidole matangani. Mmepeleka taarifa isiyo ya kweli, na jina la huyu mama litasafishwa."

Kajiru alipiga goti lake kwa ngumi, chini ya meza. Alikuwa ameshinda kesi ya kuku.

Meneja naye hakuhuzunika. Alikunja mikono juu ya meza. "Tumekubali," alisema. "Deni linarudi kwa marehemu, na faini zake. Na mali ya marehemu iko kwetu, ni shamba lililowekwa dhamana. Tutaliuza kwa mujibu wa sheria."

Ngumi ya Kajiru ikafunguka. Alimtazama mama wa Benki Kuu, na mama yule hakusema kwamba meneja amekosea. Ushindi wake wote, benchi lote lile, ng'ombe yule, ulikuwa umelifungua shamba kamba na kulikabidhi kwa mnunuzi.

Nakijwa akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mama, samahani. Basi rudisheni jina langu. Niandikeni tena."

"Dada, kaa," Kajiru alisema.

"Niandikeni. Nitalipa. Nilishasema kaburini."

"Dada, kaa chini, tafadhali."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Naeli. Alikuwa amevaa sare ya kampuni, blauzi ya kijani yenye nembo kifuani. Watu wa kampuni walidhani amewaletea kitu. Akawapita, akazunguka meza, akakaa upande wa ndugu zake.

"Naeli," meneja alisema, "nani yuko dirishani?"

"Nimelifunga."

"Nani amekuruhusu?"

 Naeli alimgeukia mama wa Benki Kuu. "Baba yangu alikatwa bima siku aliyokopa. Kila mkopaji wetu anakatwa. Mkopaji akifa, bima inalipa deni, na dhamana inarudi kwa familia. Bima ya baba ililipa. Yote. Mimi ndiye niliyepokea simu ya watu wa bima waliposema fedha zimeingia."

Meneja alisema bima ya mzee ilikuwa imekwisha muda. Mama yule akaomba jina la kampuni ya bima, akapiga simu pale pale, akaiweka mezani ili kila mtu asikie. Sauti ya kijana fulani ilisema, bila kujua inasikika na nani, kwamba ndiyo, dai la Sekiete wa Mamba lililipwa zamani, na kuna tatizo gani tena.

Afisa wa tai alilegeza tai. Kajiru hakuwa akimtazama. Alikuwa amemgeukia mdogo wake.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya arobaini."

"Kabla ya arobaini ya baba."

"Ndiyo."

"Dada alipokuwa anang'oa tangawizi changa, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Alipokuletea rejesho dirishani. Ukalipokea kwa mkono huo."

"Nikalipokea, kaka. Nilimwambia meneja siku ile ile ya simu. Akasema siri ya kazi inabaki kazini, na kama nataka mama aendelee kupata dawa, nijue pa kuishika. Nikaishika. Nilidhani dada atamaliza kulipa, na itakwisha."

 Mkoba wa Nakijwa ulikuwa kwenye benchi, katikati yake na Naeli. Akauvuta, akaupakata. Sijui alikuwa anampa mdogo wake nafasi au anajitenga naye. Nilipomuuliza alisema mkoba ulikuwa unadondoka.

Kampuni iliamriwa kufuta jina la Nakijwa, kurudisha hati ya shamba, na kumrudishia kila alicholipa. Yaliyowapata baadaye kuhusu leseni yao ni habari ya wakubwa. Kabla hawajafika chini ya ngazi, Naeli aliambiwa avue sare. Alivaa khanga ya Nakijwa kurudi Mamba. Nani alimpa khanga hiyo, Nakijwa mwenyewe au Kajiru aliyeichukua mkobani, hapo wanasimulia tofauti.

Mama aliposikia kwamba dawa yake ilinunuliwa kwa ukimya ule, aliuliza mara mbili, kama hakusikia vizuri. Kisha akaichukua chupa ya dawa akaiweka juu ya kabati. Nilipokwenda kumwona ilikuwa bado juu ya kabati, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mama aliwaita wote shambani. Udongo ulikuwa umelimwa, lakini mbegu haikuingia ardhini kwa sababu shamba halikuwa na mwenyewe.

Baba mdogo Zefania alianza. "Zamu ya maji inataka jina moja. Nikiandika majina matatu, msimu mmoja tu mtapigana kwa majembe. Na shamba kama hili, kwa kawaida, ni la mwanamume."

"Marehemu alisema 'atakayeliondoa,'" mama alimkata. "Hakusema amevaa nini."

Zefania akakaa juu ya ukingo wa mfereji.

Kajiru akasema kwanza. "Mimi sitaki kugombana na dada zangu. Lakini nani aligundua kwamba deni limeandikwa kwa jina la dada? Nani alikaa kwenye benchi mpaka mlinzi akamwita mjumbe wa bodi? Bila mimi dada angekuwa bado analipa, na Naeli angekuwa bado anapokea. Nimeuza ng'ombe. Watoto wangu wanajua ladha ya chai ya jina."

"Ulikwenda kutafuta mashine ya kusaga," Nakijwa alisema. "Ungepata mdhamini mwingine usingejua mpaka leo kama jina langu limeoza."

"Ni kweli. Lakini nilipojua, nilikaa?"

"Hukukaa. Nakubali."

Nakijwa akasema lake. "Mimi sijui sheria. Siku ile kaburini shamba lilikuwa linakwenda, na aliyelishika ni mimi. Nimelishika kwa jina langu mpaka nyinyi mkaamka. Jina lilipochafuka nililiacha lichafuke, na pale mezani nilikuwa tayari lichafuke tena. Mngekuta nini cha kuokoa, kama ningesema 'kwetu ni kwa mwingine'?"

"Ungekataa kidole, dada," Kajiru alisema kwa upole, "kampuni ingeishia kwenye fedha za bima. Kidole chako ndicho kilichompa mlango."

Nakijwa alitazama kidole chake, kama vile ni cha mtu mwingine. Hilo hakuwa amelifikiria. 

"Na wewe, Naeli?" mama aliuliza.

"Mimi siombi kitu."

"Sikukuuliza kama unaomba. Nimeuliza nani aliliondoa jina."

Naeli alijibu akitazama chini. "Jina la dada aliliondoa kaka. Jina la baba lilikuwa bado kwenye deni mpaka niliposema mimi. Hilo ndilo alilolitaja baba. Sikusema mapema, na sitadanganya kwamba ningesema kama dada asingeomba kuandikwa tena. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nikamsikia. Lakini nilisema, na sina kazi, na hakuna atakayeniajiri tena kushika siri."

"Maneno matano," Kajiru alisema. "Ungeyasema kabla ya arobaini, ng'ombe wangu angekuwa zizini."

"Na ungeyapata wapi wewe, ukikaa kwenye benchi lako? Yangekuja kwa barua?" Naeli aliuliza.

Zefania akacheka bila kutaka, kisha akajifanya anakohoa.

Mama alikuwa ameshika mche wa isale, ule mmea tunaopanda mpakani kuonyesha shamba ni la nani. Mwenye shamba huupanda kwa mkono wake mbele ya watu, na ukishashika mizizi hakuna anayeung'oa. Alimtazama Nakijwa, aliyeshika shamba kwa jina lake na kwa kidole hicho hicho akawapa wezi mlango. Alimtazama Kajiru, aliyeufungua ukweli kwa ng'ombe wake na kwa ushindi huo huo nusura auze shamba. Akamtazama Naeli, aliyeliondoa jina la baba yake kwa maneno machache na kwa kuyachelewesha akamgharimu dada yake msimu baada ya msimu.

Mara tatu aliunyoosha mche, na mara tatu akaurudisha kifuani. Baba mdogo Zefania alisema maji yamejaa, zamu ya leo lazima ifunguliwe au ipite kwa jirani. Hakuna aliyesogea.

Haya. Mimi nimemaliza sehemu yangu, nanyi mmesikia kila mmoja kwa kinywa chake. Mche uko mkononi mwa mama, na macho yake hayaoni vizuri. Mngekuwa mmesimama pale shambani, mngemshika mkono mkauelekeza kwa nani?